Ng'ombe Waliokosekana Kwenye Filamu ya Mwisho

Nyangi wa Manyamanyama alikuwa na sauti ambayo akikohoa tu pale Bunda, akina mama wa Nyamuswa huanua nguo wakidhani mvua inakuja. Sauti hiyo ndiyo iliyomlea mwanawe, ndiyo iliyoondoa nyasi juu ya nyumba yake ikaweka bati, na ndiyo iliyomwingiza kwenye matata ya ng'ombe ambao hakuna mtu duniani aliyewahi kuwaona.

Alizaliwa Bugwema akakua akichunga. Shule aliijua kama mtu anavyoujua mlima wa mbali: unapendeza kuutazama, lakini nani ana haja ya kuupanda? Kusoma hakujua. Jina lake ungelipanga barabarani kwa mawe, angepita juu yake na kulalamika kwamba njia imeharibika. Lakini akikueleza alivyokwenda kisimani, unasahau kwamba ulimfuata kwa sababu una kiu.

Akaolewa Bunda na Jofrey, mtu wa ziwani, mpole, mwenye banda la mabati, mabenchi ya mbao, televisheni kubwa na turubai jeusi la kuzibia mlango. Kibanda umiza. Mpira ulioneshwa humo, na zile filamu ambazo mtafsiri ameshaingiza sauti yake ya Kiswahili juu ya maneno ya wenyewe. Jofrey alipofariki alimwachia Nyangi banda, na mtoto mmoja wa kiume, Fred.

Sasa, siku moja ya Jumapili watu wamejaa, filamu iliyotangazwa ikagoma. Jenipher, binti wa kaka yake Nyangi, aliyekuwa anasoma sekondari wakati huo, akatoa flashi mfukoni. "Shangazi, weka hii. Ni katuni ya Kijapani." Wakaiweka. Watu wa kwenye katuni wakaanza kuongea Kijapani, na chini yanapita maandishi ya Kiingereza mbio kama siafu. Benchi la nyuma likaanza kunung'unika.

"Mama Fred, hatuelewi kitu!"

"Turudishie kiingilio, tukanywe soda!"

Nyangi akaitazama picha. Moto. Nyumba inaungua. Vumbi. Watu juu ya farasi wanaswaga madude makubwa yenye pembe kuelekea mlimani, na nyuma yao kijana mdogo anakimbia peku akilia. Mtu wa Pwani angeona vita, na Wajapani wenyewe walikuwa na maana yao. Lakini mtu wa Mara akiona moto, vumbi na pembe zinazotokomea mlimani, haulizi lugha. Nyangi akanyakua maiki ya kuitia wateja, akapiga mwano, ule ukunga wa ng'ombe walioibiwa ambao ukisikika kila mwenye miguu anatoka.

"Uuuwii! Ng'ombe wa baba yake wanakwenda! Mniko, mwanangu, kimbia! Yule wa mbele ni Keraryo, namjua kwa kovu lake!"

Banda zima lilisimama. Wanaume wawili walikwisha kutoka nje kutafuta fimbo kabla hawajakumbuka kwamba wizi wenyewe uko Japani.

Basi kuanzia siku hiyo yule kijana akawa Mniko, yule adui mwenye kovu akawa Keraryo, na katuni yenyewe, ambayo jina lake la Kijapani lilikuwa refu kama foleni ya mbolea, ikaitwa *Ng'ombe wa Mniko*. Ilikwenda miaka minane. Ngome iliyokuwa inaelea mawinguni, Nyangi alisema ni boma la Keraryo, kalipandisha juu ili nyayo zisionekane. Msichana mwenye nywele za bluu alikuwa dada yake Mniko, na nywele ni dawa ya mba aliyouziwa mnadani. Mniko akisimama ufukweni analia, ni kwamba mvua imefuta kwato. Na midomo ya watu ikichezacheza muda mrefu bila tukio, Nyangi hakupoteza nafasi. "Keraryo anasema hivi: yule aliyeazima sufuria kubwa la jumuiya ya Mtakatifu Pelagia, arudishe kabla ya Jumatano. Anasema anamjua, anavaa kitenge cha kijani." Na sufuria lilirudi, usiku uleule, limesuguliwa.

Katika watu wote waliokaa kwenye mabenchi yale, hakuna aliyemsumbua Nyangi kama Mzee Baltazari wa Butiama.

Huyu alikuwa mfugaji, mrefu, mwenye kofia ya pama na fimbo nyeusi. Kila Jumapili akitoka misa anapanda gari mpaka Bunda, anaingia bandani, anakaa benchi la kwanza kabisa, katikati, fimbo kati ya magoti. Kazi yake ilikuwa kubisha.

"Mama Fred! Jumapili iliyopita ulisema Mniko yatima wa baba. Leo huyo anayemkumbatia ni nani?"

"Baba mdogo."

"Mbona wamefanana sura mpaka masikio?"

"Kwani wewe na mdogo wako hamfanani? Tena nyie mmefanana mpaka ubishi."

Banda linacheka. Baltazari anagonga fimbo chini, anatafuta lingine. Siku ambazo hakuja, kwa sababu ya msiba au ng'ombe kuzaa, hadithi ilipwaya kama ugali wa unga mchache. Nyangi hakuwahi kulisema hilo, lakini siku hizo hata Keraryo mwenyewe alikuwa mpole.

Baltazari alikuwa akija na binti yake, Yuliana. Fred naye, ambaye alikuwa anauza samaki Mwigobero kule Musoma, Jumapili alikuwa anakuja kumsaidia mama yake jenereta. Jenereta ile ikawa mbovu ajabu. Kila baada ya muda lazima Fred atoke nje kuiangalia, na kila akitoka Yuliana naye ana kiu. Watu waliona. Manyamanyama hakuna asichokiona.

Fred akafanya kama kijana aliyelelewa. Akanunua ng'ombe, akawaweka Bugwema kwa wajomba zake wanone, halafu akatuma washenga Butiama. Baltazari akaenda Bugwema kuwakagua. Akazunguka, akapapasa migongo, akafunua midomo. Akafika kwa ng'ombe mmoja mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda, akamnusa shingoni.

"Ng'ombe hawa wananuka dagaa," akasema.

"Ng'ombe gani ananukaga dagaa, mzee?" washenga wakashangaa.

"Wamenunuliwa kwa samaki. Mimi nitawachanganyaje na ng'ombe wangu waliorithiwa? Watawafundisha kuogelea." Akarudi kwake.

Jumapili iliyofuata, hakuona haya, yuko benchi la kwanza! Nyangi alikuwa amejaa hasira mpaka shingoni. Akamwita Keraryo kwenye skrini majina yote aliyotamani kumwita Baltazari: mchoyo, kidevu cha mbuzi, mzee asiyejua harufu ya riziki. Banda likaelewa. Mwishowe mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Mzee Baltazari, si uwape tu watoto wafunge ndoa?"

Baltazari akasimama. Akainua fimbo. Akasema mbele ya watu wote, sauti imetulia: "Nitampa. Siku ambayo kijana huyu Mniko atarudisha ng'ombe wa baba yake nyumbani, tukawaona wote kwa macho haya, siku hiyo Fred alete ng'ombe zake za dagaa, na mimi nitazipokea. Nimesema."

Akakaa. Watu wakacheka, kwa sababu katuni ile haikuwa na dalili ya kwisha. Ilikuwa kama kusema siku kuku atakapoota meno. Lakini mzee wa Mara akisema "nimesema" mbele ya watu, limesemwa. Na Yuliana, aliyekuwa amesimama mlangoni na chupa ya maji, naye alikuwa na lake. Alimwambia Fred pale kwenye jenereta: "Mimi nitangoja mpaka katuni iishe. Ikiisha na baba bado anang'ang'ana, naenda Geita kwa dada. Sizeekei kwenye benchi."

Kumbe kuku huotaga meno. Jenipher, ambaye sasa alikuwa ameshamaliza chuo na yuko Musoma kwenye duka la simu, alikuja siku moja na flashi, uso umemshuka.

"Shangazi, imetoka. Filamu ya mwisho kabisa. Wamesema baada ya hapo hakuna tena."

Nyangi akaweka chini ungo wa mchele. "Umeiangalia?"

"Nimeiangalia."

"Ng'ombe wanarudi?"

Jenipher alikuwa anasoma yale maandishi ya Kiingereza tangu zamani. Alikuwa anajua, na miaka yote alikuwa kimya, kwa sababu hadithi ya shangazi yake ilikuwa tamu kuliko ile ya kwenye maandishi. "Shangazi, humo hamna ng'ombe. Hamna hata ndama. Tena filamu yenyewe ni mbaya. Watu dunia nzima wanalalamika kwenye mtandao. Kovu la Keraryo linahama shavu. Yule bibi aliyezikwa mwaka juzi anaonekana kwenye umati anapiga makofi. Halafu Mniko anakaa kwenye majani anaongea peke yake, anaongea, anaongea, mpaka nikapika chai nikanywa nikamkuta bado. Mwisho anamsamehe Keraryo, anageuka mwanga, anapotea. Basi."

"Anamsamehe bila fidia?"

"Bila chochote."

Nyangi akashika kiuno. "Kwa nini wameharibu hivyo?"

"Wanasema mchoraji alichoka."

"Alichoka!" Nyangi akaruka juu, wanasema kanga yake ilibaki hewani ikamngoja arudi. "Yeye kachoka? Mimi nimechunga ng'ombe wake miaka minane bila yeye kujua kwamba anao, nimechoka mimi?"

Akakaa kwenye kigoda akawaza. Tatizo halikuwa maneno. Maneno angeyapata. Tatizo lilikuwa "kwa macho haya." Baltazari alitaka kuwaona ng'ombe, na kwa mdomo tu mtu haoneshi pembe. Kuificha filamu isingewezekana, maana vijana wa Bunda walikwisha kuisikia na tangazo wameshabandika wenyewe. Akawaza mpaka mchele ukaliwa na kuku ungoni. Halafu akacheka peke yake, kicheko kile ambacho mama yake mzazi alikuwa akikisikia, anaficha sukari.

"Nipigie Fred," akasema. "Mwambie ng'ombe watoke Bugwema Jumamosi. Walale Bunda. Na asiwaogeshe."

Jumapili kama ile Manyamanyama haikuwahi kuiona na haitaiona tena. Watu walitoka mpaka Kibara. Benchi la watu sita lilikaliwa na kumi na mmoja, na inasemekana mtu mmoja mwembamba aliangalia filamu nzima bila makalio yake kugusa mbao, amebanwa tu katikati. Baltazari alikuwa pale pale pake, kofia imepigwa brashi. Yuliana alisimama mlangoni, na mkoba wa safari miguuni. Nyangi aliuona ule mkoba.

Nyuma ya banda, upande wa migomba, Fred na wajomba zake walikuwa wamewashika ng'ombe kwa utulivu. Makubaliano yalikuwa haya: Nyangi akipiga bati la ukuta kwa fimbo mara tatu, ndipo wawaachie wapite mbele ya banda. Isiwe kabla.

Filamu ikaanza. Mwanzo Nyangi alikwenda vizuri. Vita vilikuwepo, na vita havihitaji akili. Halafu kovu la Keraryo likahama shavu.

"Mama Fred!" Baltazari hakungoja hata pumzi. "Kovu limehama!"

"Kageuza uso."

"Hajageuza! Sikio lenye hereni liko palepale!"

"Basi kapata lingine. Wezi hupigwaga sana, mzee, wewe hujui kwa sababu ng'ombe zako hawaibiwi, wamezeeka."

Kicheko. Bibi aliyezikwa mwaka juzi akatokea kwenye umati anapiga makofi. Mtu wa benchi la tatu akapiga ishara ya msalaba. "Huyo ni pacha wake," Nyangi akasema haraka. "Alikuwa Mwanza kwenye matibabu." Watu wakakubali kwa shingo upande. Lakini banda lilikuwa limeanza kupoa. Mtafsiri anaijua baridi hiyo kama mchungaji anavyolijua jua linapozama. Picha zilikuwa mbovu mbovu, zimechorwa kwa haraka. Mkono wa Mniko kwenye tukio moja ulikuwa na vidole sita, na benchi zima likavihesabu kwa sauti.

Kisha ikaja ile sehemu ya majani. Mniko kakaa kwenye uwanda mtupu, upepo unavuma, mdomo unachezacheza. Hakuna mwingine. Nyangi akatangaza habari zote alizokuwa nazo: chanjo ya watoto, kwaya, kiatu kilichookotwa mnadani. Mniko bado anaongea. Nyangi akamkumbusha mama fulani kuhusu sufuria lingine. Mniko bado anaongea. Jasho likamshuka Nyangi mpaka maiki ikateleza.

Na hapo, nyuma ya banda, ng'ombe naye akachoka.

"Mmbooo!"

Banda likanyamaza. Kwenye skrini ni majani matupu.

"Mmmbooooo!" Wakajibizana wawili, watatu. Kule nje Fred alikuwa ananing'inia kwenye kamba ya yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, ambaye alikuwa ameona migomba ya jirani na haambiliki.

Nyangi hakupepesa macho. "Mnasikia?" akanong'ona kwenye maiki. "Kwa nini mnadhani Mniko kakaa hapa majanini anaongea peke yake? Haongei peke yake, wapenzi wangu. Anawaita. Kila ng'ombe kwa jina lake, kama baba yake alivyomfundisha. Keraryo ameshawaachia, na sasa wako nyuma ya kile kilima."

"Siwaoni," Baltazari akasema, lakini alikuwa amesogea mbele mpaka ukingo wa benchi.

"Kilima kinakuzuia."

"Hamna kilima! Tambarare hiyo!"

"Ni kilima cha Kijapani, mzee, kiko upande wa ndani."

Watu wakacheka, lakini sasa wamesimama. Hata wale waliokuwa wanataka kutoka walirudi. Kwenye skrini Mniko akainuka. Keraryo akapiga magoti. Mniko akamgusa bega, mwili wake ukaanza kung'aa, ukawa cheche cheche za mwanga, zikapeperuka. Yakabaki majani, na maandishi meupe yakaanza kupanda. Mwisho. Miaka minane, na huo ndio mwisho.

Palikuwa kimya kiasi kwamba mtu aliyekuwa anatafuna karanga alisikika mpaka barabarani. Baltazari akageuka taratibu.

"Mama Fred. Ng'ombe wako wapi?"

Yuliana akainama kuushika mkoba.

Nyangi akainua fimbo apige bati. Hakuwahi. Yule mwekundu alikwisha kukata shauri lake. Ukuta wa nyuma ukalia *kwaa!*, misumari ikaruka, bati moja zima likalala chini, na pale pale chini ya televisheni, kwenye mwanga wa jua la saa kumi, ukatokea uso mwekundu wenye pembe moja iliyopinda na jani la mgomba mdomoni. Nyuma yake mwingine. Nyuma yake wengine, wanatoka vumbini, na Fred wa mwisho kabisa, kiatu kimoja mguuni, anaburutwa na kamba.

"Wamerudi!" Nyangi alipiga kelele bila maiki, na maji ya ziwa pale Musoma yalirudi nyuma hatua moja. "Ng'ombe wa Mniko wamefika nyumbani!"

Hakuna aliyebaki amekaa. Vigelegele, miluzi, mabenchi chali. Mwanamke mmoja alimkumbatia ndama akalia. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa wanapeana mikono na kusema walijua, walijua tu kwamba watarudi.

Baltazari peke yake ndiye aliyetembea polepole. Akapita katikati ya ng'ombe, akapapasa migongo, akafika kwa yule mwekundu, akainama, akamnusa shingoni. Kelele zikashuka.

"Huyu namjua," akasema. "Ananuka dagaa."

"Anaendelea kunuka," Nyangi akajibu. "Kapita ziwani. Ulidhani kutoka Japani atakuja kwa gari?"

Watu walishikana mbavu. Baltazari hakucheka. Akamtazama Nyangi, akaelekeza fimbo upande wa migomba. "Mama Fred, njoo huku kidogo."

Wakaenda pembeni. Mzee akavua kofia, akaizungusha mikononi, akaivaa tena.

"Unafikiri mimi sijui?" akasema hatimaye. "Nilijua tangu mwaka wa kwanza kwamba hamna ng'ombe humo. Yale madude yana manyoya miguuni. Ng'ombe gani ana manyoya miguuni?"

"Sasa mbona ulikuwa unakuja?"

"Nilikuwa nakujaga kubisha."

"Na harufu ya dagaa?"

"Hamna harufu yoyote. Mimi hata pua yangu iliharibika zamani." Akakohoa. "Mama Fred, wewe unajua kwetu. Kwenye ukoo wangu, wakwe hawataniani. Hawakai chumba kimoja wakatazamana wakarushiana maneno. Siku mwanao akimwoa binti yangu, ninaingiaje tena humu? Nitakubishia vipi? Nitakaa Butiama Jumapili nzima nitazame ng'ombe wangu, na wao hawajui hadithi hata moja. Nikasema basi, ngoja iishe kwanza katuni. Sikujua itaisha haraka hivi."

"Miaka minane!"

"Haraka," akasema Baltazari.

Nyangi alikuwa amepanga mambo yote: kamba, bati, harufu, kila kitu. Hili la benchi la kwanza kubaki tupu hakuwa amelipanga. Aliliona sasa, benchi lile na nafasi ile katikati, akahisi kama mtu aliyefungua mlango wa jiko akakuta moto umezimika. Akatazama banda lake. Lilikuwa na tundu kubwa nyuma ambalo ng'ombe mmoja alikuwa bado ametulia ndani yake, anaangalia televisheni.

Akaanza kucheka kile kicheko cha sukari.

"Mzee. Mila inasema wakwe wasitazamane, au wasisikiane?"

"Wasitazamane. Wasitaniane uso kwa uso."

"Basi bati lile nikilirudishia, litakuwa na nafasi kidogo kwa chini. Wewe unakaa huku nje, chini ya migomba, umeupa ukuta mgongo. Mimi niko ndani. Hunioni, sikuoni. Ukiwa na neno, unamtuma mtu. Nani atasema tumekosa heshima?"

Baltazari akafikiri. Akagonga ardhi kwa fimbo, pale pale kwenye migomba, kama mtu anayepima kiwanja. "Kivuli kipo," akasema. "Uniwekee kiti chenye mgongo."

"Kigoda."

"Kiti, mama Fred! Mimi mkwe wako!"

"Haya, kiti."

Baltazari akarudi mbele ya watu. Akatema mate kidogo kwenye kiganja, akampaka yule mwekundu kati ya pembe kama baraka, akasema kwa sauti ya kufika Butiama: "Nilisema tukiwaona kwa macho haya. Nimewaona. Fred, swaga mifugo yangu, njia ni ile. Na huyu mwekundu usimpige, amesafiri sana." Yuliana alipiga kigelegele cha kwanza, na mkoba wake wa safari haukwenda Geita. Ulikwenda Musoma, baada ya ndoa, ukiwa na nguo za bibi harusi.

Filamu ile bado inaombwa. Kwingine kote duniani watu wanaitukana, lakini Manyamanyama wanaipenda kuliko zote, na ikifika pale Mniko amekaa majanini anaongea, banda zima hunyamaza likitega sikio. Wapo watakaokuapia kwamba ukitazama sana, upande wa kushoto, nyuma ya kilima, zinaonekana pembe. Na moja imepinda.

Nyangi ameshaanza katuni nyingine, ndefu zaidi, ina mtu mwenye mbawa. Jumapili iliyopita alikuwa anaeleza jinsi mtu huyo alivyopata mbawa kwa kulala njaa siku ya harusi ya jirani, mara turubai likafunguka, Yuliana akaingia na tumbo lake kubwa, akapiga goti mbele ya mama mkwe.

"Mama, nimetumwa na baba, yuko nje. Anasema, kwa heshima zote anazostahili mkwe wake, kwamba mkwe wake anadanganya."

"Mwambie baba yako," Nyangi akasema kwenye maiki, ili isikike mpaka Kibara, "kwa heshima hizohizo, kwamba kiti nilichompa ni cha kukalia, siyo cha kubishia."

Nyuma ya bati, chini, fimbo ikagonga mara mbili, kwa furaha kabisa.